Takwimu kabla ya grafu

Katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, somo la takwimu mara nyingi humfikia mtoto likiwa limeshapikwa: mwalimu huandika ubaoni idadi ya wanaopenda kila rangi, kisha darasa huchora mihimili na kuipaka rangi. Kazi hiyo haina ubaya, ila humo mtoto hafikirii kitakwimu hata kidogo, kwa kuwa swali ni la mwalimu, data ni za mwalimu, na hakuna lolote lenye shaka.

Mimi hupenda kuanza na swali ambalo majibu yake yanatofautiana, kwa mfano, majina yetu yana herufi ngapi. Kila mtoto huandika idadi yake kwenye kikaratasi na kukibandika ukutani, juu ya namba inayohusika. Mara ubishi huzuka: mwenye majina mawili ahesabu lipi? Siharakishi kuuzima ubishi huo, maana unalilazimisha darasa kukubaliana juu ya kinachopimwa kabla ya kupima. Kisha huuliza: kesho akija mtoto mgeni, jina lake laweza kuwa na herufi ngapi? Mmoja hujibu, "Sita, kwa sababu langu lina sita." Mwingine husema, "Tano au sita, wengi wako hapo, lakini hatujui." Wa kwanza amejitazama mwenyewe, wa pili ametazama kundi zima na bado ameacha nafasi ya kukosea.

Wapo wanaodai kwamba somo la uwezekano, yaani kukadiria jambo lina nafasi gani ya kutokea, ni zito mno kwa umri huo. Wanasaikolojia Jean Piaget na Bärbel Inhelder, katika kazi yao ya 1951, waliona kwamba watoto wadogo hawajatenganisha la bahati na la lazima. Hata hivyo, mwaka 2008 watafiti Fei Xu na Vashti Garcia walionyesha kuwa watoto wachanga wa miezi 8 hukazia macho kwa muda mrefu zaidi pale vipira vinavyotolewa sandukuni, vingi vikiwa vyekundu, vinapotoka katika sanduku ambalo vingi vyake ni vyeupe, kana kwamba wameshangazwa na jambo lisilotarajiwa.

Kwa hiyo mimi huwapa wanafunzi wangu mfuko wa vifungo vya rangi mbili. Wanatoa kimoja bila kuchungulia, wanaandika rangi, wanakirudisha, wanarudia, na kila mara wanasema kama rangi ijayo ni ya hakika, huenda ikatoka, au haielekei. Mfuko siufungui mpaka wiki iishe, hata wakinung'unika, kwa sababu ukishafunguliwa kazi ya kukisia imegeuka kuwa kuhesabu.