Namna nilivyopata fedha za umma za kusomea mtandaoni nikiwa London

Nilifeli Hisabati kidato cha nne. Sioni haya kulisema hilo, kwa maana katika darasa letu kule Tanga waliofaulu somo hilo walihesabika kwa vidole, ila naanzia hapo kwa sababu F ile ilinifuata hadi London na kunizuia mlangoni miaka kumi na saba baadaye, nilipotaka kuacha kazi ya kuhudumia wazee ili nisomee uuguzi. Vyuo vikuu nilivyoviandikia vilitaka vitu viwili: Hisabati ya kiwango cha Ngazi ya 2 kwa mfumo wa Uingereza, yaani karibu sawa na kufaulu kidato cha nne, na sifa ya Ngazi ya 3, iliyo kama kidato cha sita, ya kuingilia chuo kikuu. Kiingereza nilikuwa nimeshakimaliza mwaka uliotangulia katika darasa la jioni. Vilivyobaki niliazimia kuvisoma kwa njia ya mtandao, kwa kuwa nilikuwa nikifanya zamu za usiku, mume wangu ni dereva wa basi, na watoto wetu wawili walikuwa bado wadogo. Isitoshe, ilikuwa mwaka 2020, na vyuo karibu vyote vilikuwa vimehamia mtandaoni kwa sababu ya UVIKO-19.

Mwezi Julai niliona tangazo la chuo kimoja cha kaskazini mwa England kilichokuwa kikifundisha Hisabati kwa watu wazima mtandaoni bila ada. Nilijaza fomu usiku huohuo, wazee wakiwa wamelala. Baada ya siku mbili nilijibiwa kwamba sikukubaliwa kwa sababu ya postikodi yangu. Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa baya: nilidhani ni mambo ya uhamiaji, nikaanza kutafuta nakala ya kibali changu cha ukaaji wa kudumu. Nilipopiga simu, mama mmoja wa ofisi ya usajili alinieleza kwa subira ambayo sijaisahau. Alisema kuwa tangu Agosti 2019 fungu la elimu ya watu wazima kwa wakazi wa London linasimamiwa na Meya wa London, na maeneo mengine yenye mameya wa mkoa, kama Greater Manchester na West Midlands, nayo yalikabidhiwa mafungu yao wakati huohuo. Chuo chao hakikuwa na mkataba na London, na fedha walizopewa na Serikali Kuu zilikuwa kwa ajili ya wakazi wa maeneo yasiyokabidhiwa. Wangenisajili, wangenifundisha bure kabisa, yaani hata wao wasingelipwa.

Nilikaa na jambo hilo kichwani siku nzima. Somo lenyewe lingekuja kwenye meza yangu ya jikoni, mwalimu asingesafiri wala mimi nisingepanda basi, lakini fedha zilitaka kujua meza hiyo iko wilaya gani. Sikatai kwamba utaratibu una sababu zake, kwa kuwa meya anaujua mji wake, na kwa baadhi ya kozi London iliweka kipimo cha kipato kilichozingatia ughali wa maisha ya hapa ili watu wa mishahara midogo wasome bila kulipa. Hata hivyo, ni utaratibu uliotungwa kwa kumfikiria mwanafunzi anayekwenda darasani kwa miguu, na masomo ya mtandaoni yakaja kuingizwa ndani yake kama mgeni anayelazwa sebuleni.

Kuanzia hapo nilibadili namna ya kutafuta. Badala ya kuuliza chuo kipi kinafundisha vizuri mtandaoni, niliuliza kwanza ni fungu lipi litalipia na kama linamhusu mkazi wa mtaa wangu. Kwa njia hiyo nilipata chuo cha London umbali wa vituo vinne vya treni kutoka nyumbani, ambacho kwa kipindi hicho chote nilikitembelea mara tatu tu. Hisabati na Kiingereza hadi Ngazi ya 2 ni haki ya kisheria kwa mtu mzima wa miaka 19 na kuendelea ambaye hajafikia kiwango hicho, kwa hiyo hawakuniuliza mshahara. Waliuliza kibali na uthibitisho kwamba nilikuwa nimeishi nchini kwa miaka mitatu iliyopita. Nikawapelekea hati za mshahara na barua za kodi ya nyumba ya halmashauri, moja kwa kila mwaka. Kisha wakanipa jaribio la kupima kiwango, likaonyesha kwamba nilikuwa chini ya Ngazi ya 1. Niliwasihi waniruhusu niruke moja kwa moja hadi Ngazi ya 2. Hawakukubali, kwa kuwa wanalipwa kumsajili mtu katika ngazi inayofuata ile aliyopimwa. Nilichukia, lakini zile wiki za Septemba hadi Desemba ndizo nilizoelewa sehemu na asilimia kwa mara ya kwanza maishani.

Kompyuta mpakato sikuwa nayo. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Hapa nilisaidiwa na mabadiliko ya mwaka huo wa masomo, kwani vyuo viliruhusiwa kutumia fedha za kuwasaidia wanafunzi kununua vifaa na intaneti kwa ajili ya watu wazima ambao wasingeweza kusoma bila hivyo. Mwalimu hakulitaja jambo hili, nami sikuliona katika tangazo lolote. Nilimwandikia mshauri wa wanafunzi, nikaeleza hali yangu kwa aya moja bila kupamba, nikaazimwa kompyuta ndani ya wiki mbili.

Mwezi Februari 2021, nikiwa nimeshaanza Ngazi ya 2, mwanangu mdogo aliugua na mimi nikapotea kwenye masomo kwa siku kumi. Mwalimu alinipigia simu mara nne, akaniandikia, kisha mratibu naye akapiga. Nilijiona kama mdaiwa. Mwishowe nikamuuliza mratibu kwa nini wananiandama hivyo, naye, kwa unyoofu wa kushangaza, akanieleza hesabu yao. Kozi iliyopangwa kuchukua siku 168 au zaidi haihesabiki kuwa imeanza kwa malipo hadi mwanafunzi afikishe siku 42. Akiacha kabla ya hapo, chuo hakipati chochote kwa kozi hiyo. Akishavuka, chuo hulipwa mwezi kwa mwezi, ila asilimia 20 ya fedha hubakizwa hadi mwanafunzi afaulu. Nilikuwa nimebakiza siku chache kufika siku ya 42. Akaongeza kwamba kwa mwanafunzi wa mtandaoni kufungua tu mfumo hakuwatoshi mbele ya wakaguzi. Walihitaji kazi iliyowasilishwa na kusahihishwa, yenye tarehe.

Baada ya mazungumzo hayo sikukasirika tena simu ilipoita. Nilianza kuwasilisha kazi ndogondogo kila Jumapili, hata zoezi la maswali matano, kwa sababu nilielewa kwamba tarehe zile zilikuwa kinga yangu na ya chuo pia. Nadhani kila anayesoma kwa fedha za umma angeelezwa jambo hili siku ya kwanza, watu wengi wasingetoweka kimyakimya wakidhani hakuna anayejali. Baadaye nilisoma kwamba kikundi kazi cha teknolojia katika vyuo vya kati vya England kilishapendekeza mwaka 2014 kwamba asilimia 10 ya kila programu inayolipiwa na umma itolewe mtandaoni kuanzia mwaka wa masomo 2015/16, na sehemu hiyo iongezwe hadi nusu kufikia 2017/18. Asilimia inaweza kuandikwa ofisini. Anayempigia mama simu mara nne mtoto wake akiugua ni kitu kingine, na nacho kina gharama.

Mtihani niliufanya Juni, sehemu moja bila kikokotoo na nyingine nacho, nikafaulu. Kompyuta nikairudisha wiki hiyohiyo, kwa kuwa fungu lililoinunua halikuihusu hatua iliyofuata.

Hatua hiyo ilikuwa diploma ya kuingilia elimu ya juu, ambayo hapa huitwa Access, yenye krediti 60, na kati ya hizo 45 ni za Ngazi ya 3 zinazopewa madaraja. Ada ilikuwa pauni 3,384. Kwa umri wangu haikulipiwa na fungu la meya, bali kulikuwa na mkopo wa serikali uitwao Advanced Learner Loan, usioangalia kipato wala historia ya mikopo ya mwombaji, ambao hulipwa moja kwa moja kwa chuo. Mkopo huu ni wa England nzima na haujali postikodi ya mwanafunzi. Basi Agosti 2021 nilirudi kwa chuo kilekile cha kaskazini kilichonikataa, nikapokelewa kwa mikono miwili. Mtu ni yuleyule na meza ni ileile, ila fedha ambazo sikutakiwa kuzirudisha zilikuwa na mpaka, na zile za deni hazikuwa nao. Hilo sijaweza kulikubali hadi leo.

Kabla ya kusaini nilihakikisha kwamba diploma hiyo inatambuliwa na QAA, wakala wa Uingereza wa kusimamia ubora wa elimu ya juu, na kwamba chuo kina idhini ya kupokea mkopo huo, maana wapo wauzaji wa kozi mtandaoni wanaotumia majina yanayofanana na kukutaka ulipe kwa awamu kutoka mfukoni. Chuo kilinipa barua yenye namba ya kozi, ada na tarehe, na kwa barua hiyo nikaomba. Malipo huanza baada ya wiki mbili za masomo, na ukiacha katikati unadaiwa kile kilichokwisha kulipwa.

Lililonikosesha usingizi lilikuwa riba. Mkopo unatozwa riba, na serikali ya Uingereza ilikuwa imeshauliza maoni ya watu mwaka 2014 kuhusu mkopo wa wanafunzi usio na riba kwa Waislamu, sheria ya mwaka 2017 ikaufungulia njia, lakini mwaka 2021 mkopo wenyewe haukuwapo. Nilimuuliza mjomba Tanga, nikamuuliza na shekhe wa msikiti wetu hapa. Kila mmoja alikuwa na lake, nami sitatoa fatwa katika makala hii. Kilichonipa nafasi ya kupumua ni kanuni mbili: unaweza kukopa kuanzia pauni 300 tu na mengine ukalipa mwenyewe, na deni la Access linalosalia hufutwa ukimaliza shahada. Tulitoa akiba yetu pauni 1,384, nikakopa 2,000. Kuhusu fungu dogo la msaada kwa wanaosomea mkopo, niliomba Oktoba nikakuta limeshagawiwa. Kompyuta nikanunua iliyotumika.

Nilimaliza Access Juni 2022 na kuingia chuo kikuu Septemba, ambako wauguzi wanafunzi walipewa ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa huduma ya afya. Shahada ikaisha mwaka 2025. Nilipiga simu mwenyewe kuthibitisha habari ya deni la Access, sikusubiri barua, na lilifutwa.

Wifi yangu anayeishi Manchester naye sasa anataka kuanza na Hisabati. Aliniomba jina la chuo changu cha London, kwa kuwa alisikia nikikisifu. Fungu la elimu ya watu wazima limebadilishwa jina tangu Agosti 2024, sasa linaitwa Adult Skills Fund, lakini Manchester bado ina meya wake na fedha zake. Nikamwambia chuo hicho hakitampokea, aanze na vyuo vya kwao, na swali la kwanza liwe ni nani atakayelipa.