Kifaa cha kusikia kisichohitaji kufichwa

Kwa miongo mingi watengenezaji wa vifaa vya kusaidia kusikia wameshindana kuvifanya viwe vidogo zaidi, kana kwamba kutosikia vizuri ni aibu inayopaswa kusitiriwa. Mimi naona maendeleo makubwa yako kwingine.

Transista zilipoingia katika vifaa hivi mwanzoni mwa miaka ya 1950, watumiaji waliachana na betri nzito za kufungwa mwilini, na mwaka 1996 vikaingia sokoni vifaa vya kidijitali kamili, vinavyoigeuza sauti kuwa namba, kuichambua na kuirudisha sikioni. Uchambuzi huo ndio wenye thamani, kwa kuwa mtu aliyepungukiwa usikivu kwa uzee au kwa kelele za kazini hutangulia kupoteza sauti nyembamba kama s na f, hata akajua kwamba anasemeshwa bila kuelewa anachoambiwa. Kifaa cha kidijitali hukuza zaidi sauti anazozikosa kulingana na vipimo vya masikio yake, hudhibiti ule mlio wa filimbi uliowaudhi watu zamani, na kwa maikrofoni mbili humpa nafasi zaidi anayezungumza mbele yake. (Spika za harusi za hapa Tabora bado hazijapata mpinzani.)

Kwetu shida kubwa ni betri. Betri za zinki huanza kufanya kazi kibandiko kinapobanduliwa na hewa kuingia, na tangu hapo huendelea kuisha hata kifaa kikizimwa. Zile ndogo kabisa huisha baada ya siku chache, kwa hiyo kifaa kinachopotelea ndani ya sikio, ambacho dukani huonekana cha kisasa, humlazimu mzee wa Sikonge au Urambo kuzitafuta mjini kila mara. Nchini Botswana, katika kijiji cha Otse, mradi wa Solar Ear ulibuni chaja inayotumia mwanga wa jua, na viziwi wenyewe wakaajiriwa kuiunda. Tabora, yenye shule ya viziwi tangu mwaka 1963 na jua lisilokopwa, ingeweza kufikiria jambo kama hilo.

Baba yangu mkubwa, mstaafu wa reli, alichagua kifaa kikubwa cha kuvaa nyuma ya sikio. Betri yake hudumu zaidi na vidole vyake huimudu, lakini sababu anayoitaja kwanza ni kwamba watu wakikiona humgeukia na kuzungumza wakimtazama usoni.