Nilivyolipata shamba la Saxenburg kwenye mchoro wa Rembrandt

Wiki mbili nzima nilihangaika na karatasi moja. Ni mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, wa mwaka 1651, mrefu na mwembamba: upana sentimita 32 hivi, kimo 12 tu. Niliuchapa, nikapanda nao vilima vya mchanga vya Bloemendaal, karibu na mji wa Haarlem, Uholanzi, kulitafuta shamba la Saxenburg linaloonekana humo. Kanisa la Mtakatifu Bavo la Haarlem nililiona vizuri, lakini si upande ule wa kwenye karatasi. Nikadhani nimesimama mahali pasipo penyewe.

Kumbe nilisahau mchoro wa kuchapwa kwa bamba, kama huu, unavyofanyika. Fundi huchora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali ikala mistari, wino ukapakwa, kisha karatasi ikakandamizwa juu yake. Kinachotoka kimegeuka, kulia imekuwa kushoto. Kilichonizindua ni mchoro wake wa kalamu wa mandhari hayohayo, uliopo makumbusho ya Boijmans Van Beuningen, Rotterdam, ambao haukugeuka. Basi nikaigeuza picha kwenye simu, na kanisa likarudi mahali pake.

Hapo ndipo nikalipata shamba lenyewe. Neno letu la shamba linafaa sana hapa, kwa ile maana ya zamani ya Unguja: nyumba na miti yake, mali ya tajiri anayekaa mjini. Wafanyabiashara wa Amsterdam walijenga nyumba za namna hiyo ili wakapumzike kiangazi, na pia ili waonekane mabwana. Saxenburg ilikuwa ya Christoffel Thijs, mmoja wa waliomuuzia Rembrandt nyumba yake mwaka 1639 kwa gulden (fedha ya Uholanzi) 13,000. Mwaka 1651 Rembrandt alikuwa bado hajamaliza kulipa deni la nyumba hiyo.

Nilipojua hilo nikautazama mchoro upya kwa kioo cha kukuzia. Mchoraji mwingine, Daniel Stoopendaal, alipochora mashamba ya mto Vecht, Uholanzi, katika michoro iliyochapishwa mwaka 1719, aliziweka nyumba mbele kabisa, na malango na bustani zake, ili mpita njia ajue mwenyewe ni nani. Rembrandt hakufanya hivyo. Nyumba ya mdai wake ni ndogo kuliko ukucha wangu, imejificha kati ya miti, na kuizunguka ni uwanda mpana ambako vitambaa vya kitani vimetandazwa majanini vipauke juani. Mimi naupenda mchoro huu kwa sababu ya vitambaa hivyo. Jumamosi iliyofuata nilipanda tena kilimani, safari hii na picha iliyogeuzwa, nikakaa hadi jua likazama.