Siku Moja Nyumbani kwa Marehemu Mendelssohn

Ninafanya kazi ya ukalimani kati ya Kijerumani na Kiswahili, na ninaishi Leipzig, mji ambao ndugu zangu wa Tanga huusikia kwa mara ya kwanza ninapoutaja, ilhali ukiutaja Machame au Old Moshi wazee hutikisa kichwa kama waliotajiwa jirani, kwa kuwa wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa kutoka hapa. Wageni kutoka sharika za mlimani bado huja, na Alhamisi moja ya Oktoba nilipangiwa kundi la watu tisa, wapiga tarumbeta pamoja na wazee wawili wa kanisa, ambao waliomba wenyewe kupelekwa kwenye nyumba aliyoishi na kufia mtunzi Felix Mendelssohn Bartholdy.

Saa kumi na mbili asubuhi

Nje bado ni giza. Kabla ya kila kazi mimi hupitia daftari langu la maneno, na kwa ziara ya nyumba ya mwanamuziki ukurasa wa kwanza una neno moja tu lililopigiwa mistari miwili: Flügel. Kwa Kijerumani neno hilo ni bawa, lakini pia ni piano kubwa ile ya kulala, yenye umbo la bawa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii, niliwaambia wageni kwamba mtunzi fulani alikuwa na bawa sebuleni kwake, na bwana mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa ni la ndege gani. Tangu siku hiyo sijawahi kulala bila kusoma.

Neno jingine lililonisumbua asubuhi hiyo ni la jengo lenyewe. Makumbusho ni neno sahihi, lakini humpeleka msikilizaji kwenye mikuki, mafuvu na vioo, wakati mahali hapa ni nyumba ya mtu. Nililiacha bila kuliamua.

Saa tatu kasorobo

Tulikutana nje ya hosteli. Nilimwamkia Mzee kiongozi wa tarumbeta, "Shikamoo, Mzee," akaitika, "Marahaba, binti yangu, hujapigwa na baridi?" hali mwenyewe amevaa makoti mawili. Vifaa vya masikioni tulivyokodi kwa ajili ya ukalimani wa sauti ya chini vilifika vikiwa havina chaji hata kimoja, kwa hiyo niliamua kutafsiri kwa sauti ya kawaida, na ninakiri kwamba ilikuwa heri.

Saa nne asubuhi

Nyumba iko Goldschmidtstraße namba 12, mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanja wa Augustusplatz. Ilijengwa mwaka 1844, na mwaka uliofuata Mendelssohn alihamia ghorofa ya kwanza pamoja na mkewe Cécile na watoto wao watano. Wakati huo alikuwa kapellmeister, yaani kiongozi mkuu wa okestra ya Gewandhaus, tangu mwaka 1835, na mwaka 1843 alikuwa ameanzisha mjini humu chuo cha muziki, cha kwanza cha aina yake Ujerumani. Alifia humu tarehe 4 Novemba 1847, akiwa na miaka 38. Katika nyumba zote alizopanga, hii ndiyo pekee ambayo bado imesimama. Ilichakaa sana nyakati za Ujerumani Mashariki, hadi kampeni iliyoongozwa na Kurt Masur, aliyekuwa naye akiiongoza Gewandhaus, ilipowezesha ikarabatiwe na kufunguliwa kwa umma mwaka 1997, miaka 150 baada ya kifo hicho.

Hayo yote nilikuwa nimeyaandaa niyaseme mlangoni, lakini Mama mmoja mzee wa kanisa alinitangulia. Alisimama kizingitini, akagonga ubao kwa kiungo cha kidole, akasema, "Hodi." Mhudumu wa tiketi aliniangalia asubiri tafsiri. Kijerumani hakina hodi. Nilimwambia kwamba mama anaomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mtu, naye, bila kusita, akajibu kwamba karibuni, mwenye nyumba amekuwa akipokea wageni siku zote. Kweli, wanamuziki Robert na Clara Schumann walikuwa miongoni mwa waliozipanda ngazi hizi za mbao, ambazo hulalamika kila unapokanyaga.

Saa nne na nusu

Chumba cha kazi ni kidogo kuliko mtu anavyotarajia. Kimepangwa upya kwa kufuata mchoro wa rangi za maji uliochorwa na kijana Felix Moscheles, mtoto wa ubatizo wa Mendelssohn, siku chache tu baada ya kifo: dawati, rafu za noti, sanamu za vichwa zilizo juu yake. Nilipoeleza kwamba mchoraji aliingia chumbani marehemu akiwa ametoka kufariki, na akachora kila kitu kilivyokuwa ili kisisahauliwe, kundi lilinyamaza. Wanaume wawili walivua kofia.

Katika kuta za vyumba vinavyofuata kuna michoro ya Mendelssohn mwenyewe, maana alikuwa mchoraji hodari: maziwa, vijiji na milima ya Uswisi, mistari myembamba ya paa za nyumba ikiwa imechorwa kwa subira ya fundi saa. Mpiga besi wetu alisogeza uso hadi karibu na kioo, akasema kwamba theluji ya mlima ule imeachwa tu iwe weupe wa karatasi, haikupakwa rangi yoyote. Nami nimepita hapo mara nyingi nisilione hilo.

Ikabidi nieleze kwa nini alikwenda Uswisi kiangazi kile cha mwisho. Dada yake Fanny Hensel, naye mtunzi, alifariki kwa kiharusi Berlin tarehe 14 Mei 1847, akiwa katikati ya mazoezi ya muziki. Habari zilipomfikia, Felix alivunjika. Miezi iliyofuata alichora zaidi kuliko alivyotunga, na mnamo Oktoba akaanza kupatwa na viharusi yeye mwenyewe. Mama, ambaye ni muuguzi mstaafu, aliuliza wazazi walikufa kwa nini. Mhudumu alisema baba na mama pia walikufa ghafla, kwa ugonjwa huohuo. "Presha ya ukoo hiyo," alisema Mama kwa Kiswahili, kisha akamgeukia mhudumu na kumpa pole, kwa mikono miwili, kana kwamba ndiye mfiwa. Niliitafsiri pole ile kadiri nilivyoweza. Mhudumu alishukuru, na sidhani aliigiza.

Saa tano na nusu

Ghorofa ya juu kuna vyumba vya maonyesho kuhusu Fanny, na hapa nilikaa kuliko ratiba ilivyoruhusu. Alitunga vipande zaidi ya 400, lakini baba na hata kaka yake hawakupenda achapishe, na baadhi ya nyimbo zake zilitolewa ndani ya vitabu vya Felix kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria alimwimbia Felix wimbo alioupenda katika mojawapo ya vitabu hivyo, na Felix akalazimika kukiri kwamba wimbo huo, "Italien", ni wa dada yake. Akina mama walicheka sana, kicheko cha watu wanaolifahamu jambo. Mimi naona kukiri kule kulimpa heshima, lakini kungempa zaidi kama kungekuja kabla ya malkia kuchagua.

Saa sita mchana

Chini kuna chumba ambacho mgeni huongoza okestra isiyo na watu: nguzo za vipaza sauti zimesimama mahali pa wapigaji, kijiti kiko mezani, na muziki hufuata mwendo wa mkono wako. Mzee alikichukua kijiti kama mtu anayepewa mwiko wa jikoni kwa jirani. Alianza polepole mno, vipaza sauti vikamfuata polepole mno, akaharakisha, vikaharakisha. Kisha akashusha mkono, akaenda akasimama nguzo moja baada ya nyingine, akisikiliza sauti moja moja kama afanyavyo mazoezini Jumamosi, akarudi akaanza upya. "Hawa wanatii kuliko nyie," aliwaambia vijana wake.

Ndipo kijana mmoja alipouliza kama huyu kweli ndiye mwenye ile ya harusi. Ndiye: ile Wedding March, muziki wa maandamano ya harusi, aliitunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare. Wameipiga kwa tarumbeta kwenye harusi zisizo na idadi, na tuni ya ule wimbo wa Krismasi wa malaika waimbao nayo ni yake, kutoka kazi ya mwaka 1840 ya kuadhimisha uchapaji wa Gutenberg. Waliitoa kwa midomo, sehemu nne, bila kifaa, na mlinzi akaja, akasimama mlangoni, hakutuzuia.

Saa nane mchana

Baada ya supu ya haraka tulitembea hadi kanisa la Thomaskirche, lilipo kaburi la mtunzi Johann Sebastian Bach. Mendelssohn ndiye aliyeifufua kazi ya Bach ya Mateso kadiri ya Mathayo, Berlin, mwaka 1829, akiwa na miaka 20, na ndiye aliyechangisha kwa matamasha fedha za mnara wa Bach uliosimamishwa karibu na hapo mwaka 1843. Sanamu yake mwenyewe iliyo jirani ni nakala ya mwaka 2008. Ile ya awali iling'olewa na Wanazi usiku mmoja wa Novemba 1936, kwa sababu alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, ingawa alibatizwa utotoni. Meya Carl Goerdeler, aliyepinga, alijiuzulu.

Saa kumi jioni

Tulikuwa kituo cha tramu Mzee aliponiuliza swali ambalo, nadhani, alilibeba tangu asubuhi. Nyumba ameiona, chumba amekiona. Kaburi liko wapi? Kwao mtu huzikwa kihambani, penye migomba yake, na nyumba isiyo na kaburi la mwenyewe ina pengo. Nilimweleza kwamba baada ya ibada hapa Leipzig jeneza lilipakiwa kwenye treni ya usiku kwenda Berlin, na njiani kwaya zilisimama stesheni gizani zikimwimbia, na kwamba amelazwa kando ya Fanny.

"Kumbe alisindikizwa," alisema. Akanyamaza mpaka tramu ilipofika, akapanda, akaketi, akaniita karibu. Alitaka kujua treni ya kwenda Berlin siku hizi huchukua muda gani. Nikamwambia saa moja na dakika chache. Akauliza ya kwanza kesho huondoka saa ngapi, kwa saa zetu, nami nikafungua simu nikaanza kumtafutia.