Shem wangu kapandishwa levo ya Almasi: tulivyopiga hesabu ya pointi za apu ya kasino huku Melbourne

Habari za masiku jamani, nimekuwa kimya maana huku mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 mwezi wa sita, na sisi wa kazi za hesabu ikifika hapo hatulali. Sasa watu wa kodi wamepungua ndo nimepata nafasi ya kukaa niandike hili kwa kirefu, limetokea kwetu kabisa na najua si kwetu tu.

Mi ndo natunza mchezo wa familia zetu huku magharibi ya mji, Sunshine, St Albans mpaka Footscray, tuko familia 9, kila mwezi kila nyumba dola 500, zinakusanywa anapewa mmoja. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kuchelewa. Mwezi wa nne shem wangu akachelewa wiki, mwezi wa tano akachelewa wiki tatu. Si ndugu wa damu wa mume wangu, ni rafiki yake toka Temeke, lakini ndo shemeji yangu hivyo hivyo. Anaendesha lori la mizigo Melbourne kwenda Sydney, usiku kwa usiku kwenye Hume Highway, mshahara wake unajulikana ni mzuri. Nikanyamaza, nikasema labda kuna mgonjwa nyumbani.

Basi Jumapili moja mwezi wa sita kaja na bahasha ya risiti zake nimsaidie kuzipanga kabla hajaenda kwa mtu wa kodi, na statimenti za benki za mwaka mzima. Mvua inanyesha, pilau liko jikoni, na yeye ana furaha kweli kweli, kanyoosha simu: "Shem, wewe mtu wa hesabu, hebu niangalizie hii. Wamenipandisha Almasi. Nina meneja wangu binafsi. Nataka unielekeze namna ya kuzifaidi hizi pointi vizuri maana naona nyingi zinaexpaya bure."

Nikaishika simu. Apu ya kasino, mashine za kuzungusha zile ambazo Waaustralia wanaziita pokies na kwetu Bongo tunaita dubwi, pamoja na ruleti na blackjack. Juu kabisa jina lake na picha ya almasi inametameta, chini kuna mstari unaoonyesha amebakiza kiasi gani asishuke levo.

Sikumcheka wala sikumgombeza. Kaniuliza swali la hesabu na lina jibu, nikachukua kalamu.

Kwanza tukasoma masharti, yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayasoma. Kwenye apu yake ilikuwa hivi: kila dola 10 unazozungusha unapata pointi 1, na pointi 100 ni dola 1. Maana yake uzungushe dola 1,000 upate dola 1. Almasi wanakuzidishia mara tatu, kwa hiyo dola 3. Sasa angalia upande wa pili, mashine yenyewe imeandikwa inarudisha 96%, ambayo wengi wanaisoma kama habari njema, lakini maana yake katika kila dola 1,000 unazozungusha kwa wastani zinabaki kwao 40. Unatoa 40 unarudishiwa 3 na picha ya almasi. Na hapo uko levo ya juu kabisa, yule wa chini anarudishiwa 1.

Kitu kinachochanganya watu ni neno kuzungusha. Shem anasema "mi naweka dola 200 tu", ni kweli, ila hizo 200 unashinda kidogo unarudisha, unashinda tena unarudisha, mpaka zije ziishe zimeshazunguka labda elfu tano. Pointi zinahesabiwa kwenye ile elfu tano ndo maana zinaonekana nyingi, mtu anaona pointi 1,500 anasema leo nimevuna, kumbe ni dola 15 na 200 zake hazipo.

Tukaja kwenye kile alichokuwa anakipenda zaidi, rejesho la wiki. Ukiliwa ndani ya wiki, Jumatatu wanakurudishia 10%. Wiki ameliwa 2,000 wanampa 200. Nikamuuliza hiyo 200 unaitoa? Akasema hapana, ni bonasi, mpaka niizungushe mara 30. Haya, 200 mara 30 ni 6,000. Kwenye mashine inayobakiza 4%, kuzungusha 6,000 kwa wastani kunakugharimu 240. Wamekupa 200 kwa sharti la kuiweka kwenye kitu kinachokula 240! Nikamwambia shem hii hujapewa, umeazimwa ili ukae mchezoni. Akasema basi nitaizungushia blackjack maana ukicheza vizuri inakula kidogo, na kweli blackjack kwa anayejua inakula kama nusu asilimia hivi. Tukasoma mbele, blackjack inahesabiwa 10% tu kwenye kuzungusha bonasi, kwa hiyo zile 6,000 zinakuwa 60,000. Waliotunga hayo masharti walishamfikiria na mtu mwenye akili.

Hapo sasa nikachukua zile statimenti za benki, kwa ruhusa yake, nikapiga mstari chini ya kila malipo ya apu. Ilichukua muda maana hayana jina la kasino, mengine yameandikwa kama duka la nguo mtandaoni, mengine PayID (ile ya kutuma hela benki kwa namba ya simu au imeli) za majina ya watu binafsi. Miezi 12: ameweka dola 61,400. Ametoa 22,900. Zimekwenda 38,500.

Alikaa kimya. Mtu ukimuuliza kabla ya hapo angekwambia elfu kumi, elfu kumi na mbili, na si kwamba anadanganya, hakuna anayejumlisha vipande vya 200 vya saa nane usiku.

Halafu tukaandika alichopata kwa u-VIP. Marejesho aliyofanikiwa kuyatoa kweli yakaingia benki, 1,150. Vocha ya duka ya 300. Bonasi ya birthday ya 500 iliyokufa kabla hajamaliza kuizungusha, hiyo ni sifuri. Jumla 1,450. Katika kila dola aliyoipoteza karudishiwa chini ya senti nne. Ndo faida ya Almasi hiyo, sijapunguza wala sijaongeza.

Na kuna kitu kingine kilionekana ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukiona. Malipo yamejazana tarehe 28, 29, 30. Kila mwezi! Kwa nini? Kwa sababu levo inahesabiwa upya kila mwisho wa mwezi na ule mstari unamwambia "umebakiza kidogo usishuke". Kwa hiyo alikuwa analipa dola 1,500, 2,000, kulinda hadhi inayomrudishia kama dola mia na ishirini kwa mwezi. Mtu ambaye angepanga kucheza dola 100 akaishia hapo pointi zake ni kidogo lakini ni za bure kweli, ila ukianza tu kucheza kwa ajili ya pointi umeshalipia kila moja zaidi ya thamani yake.

Sasa niwaambie kilichoniuma zaidi, na hapa hesabu haipo. Nilimuuliza shem huyu meneja ni nani. Hajawahi kumwona. Anamwandikia WhatsApp. "Umefika salama? Umepumzika? Umeonekana kimya siku mbili, nimekuwekea kitu kidogo." Shem anasimama Tarcutta, pale katikati ya safari ambapo malori yanapumzika, saa tisa usiku, baridi, mke kalala, Dar wote wako kwenye shughuli zao, na mtu pekee duniani aliyemuuliza umefika salama ni huyo. Sisi tunaoishi ughaibuni tunajua hiyo njaa. Kazini unaitwa kwa jina walilolikata nusu maana limewashinda kutamka, halafu kuna sehemu moja wanakuita bwana fulani, wanakumbuka birthday yako, wanakwambia wewe ni mteja wetu wa thamani. Mi sikumlaumu. Nilijilaumu mwenyewe kwamba miezi miwili amechelewesha mchezo na mimi nikaona ni adabu kunyamaza.

Na huyo huyo meneja ndo alimfanyia hili: mwezi wa tatu shem alishinda, akaomba kutoa 4,000. VIP wanaahidiwa malipo ya haraka. Wakamwomba leseni, akatuma. Wakaomba bili ya umeme, akatuma. Wiki ya tatu meneja anamwandikia, "nikushauri kama ndugu, futa hayo maombi ya kutoa, hela irudi kwenye akaunti, nami nakuongezea bonasi ya 1,000." Akafuta. Usiku mmoja elfu tano zote zikaisha.

Utaenda kulalamika wapi? Hapa wengi wetu hatuelewi. Australia kubeti michezo kwa simu ni halali kwa kampuni zenye leseni, lakini kasino ya mtandaoni ya hela, yaani pokies, ruleti, blackjack kwenye simu, hairuhusiwi kutolewa kwa mtu aliyeko Australia, sheria ipo tangu 2001 inaitwa Interactive Gambling Act. Sheria inambana anayetoa huduma, si mchezaji, ndo maana watu wanadhani ni ruksa. Mamlaka ya mawasiliano, ACMA, tangu mwishoni mwa 2019 inawaomba watoa intaneti wazifunge hizo tovuti, na hao jamaa wanabadilisha anwani kidogo wanarudi, ndo maana shem kila baada ya muda alikuwa anatumiwa linki mpya na meneja akiambiwa ni "maboresho". Wako ng'ambo. Ukidhulumiwa hakuna wa kuwashika.

Wenye leseni angalau wana kamba shingoni. Kampuni za kubeti haziruhusiwi kukupa bonasi ya kufungua akaunti, haziruhusiwi kuchukua credit card tangu mwezi wa sita 2024, na zinalazimika kukutumia statimenti ya mwezi inayokuonyesha umeliwa kiasi gani. Hata pale Crown, ile kasino kubwa ya hapa Melbourne, ukitaka kucheza pokies tangu mwisho wa 2023 lazima utumie kadi yenye kikomo cha muda na cha hela. Hizi apu za ng'ambo hazina hata kimoja, na u-VIP wao kazi yake ni kuondoa kila breki, unapewa kikomo kikubwa zaidi cha kuweka, basi.

Kuna na zile apu za sarafu za bandia ambazo huwezi kutoa hela hata ukishinda, zina levo na almasi vilevile, na kuna watu wananunua sarafu kwa maelfu. Tangu Septemba 2024 michezo mipya ya aina hiyo inawekwa daraja la miaka 18 na kuendelea. Kwa hizo sihitaji hata kalamu, kinachorudi ni sifuri.

Shem akaniuliza, kwa hiyo hakuna namna ya kufaidi? Nikamjibu nilivyoona, kwamba namna iko moja: uwe umeshaamua kiasi kabla hujajua pointi, upokee kile tu kinachotoka kama hela taslimu bila kuzungushwa, utoe siku hiyohiyo, na ukatae meneja. Akafikiria. Akasema shem, kwa namna hiyo siwezi kuwa Almasi. Nikasema ndiyo.

Akaomba akaunti ifungwe, siku hiyohiyo, mezani kwangu. Ndani ya robo saa meneja kajibu na bonasi ya 2,000. Nilimwona mkono unavyotetemeka. Akampa mke wake simu, mke akazuia ile namba. Baada ya siku nne ikaja namba nyingine, "habari ndugu, tumekukumbuka", nayo ikazuiwa. Tulimjaza pia BetStop, rejista ya taifa ya kujifungia iliyoanza Agosti 2023, ambayo inafunga kampuni zote za kubeti kwa mtandao na simu zenye leseni kwa mkupuo, kuanzia miezi mitatu mpaka maisha. Haizifikii hizi za ng'ambo, ila tuliogopa asije akahamia kwenye mikeka. Mshahara sasa unaingia akaunti ya wote wawili. Na kila Jumatano usiku mume wangu anampigia akiwa Tarcutta, wanaongea Simba na Yanga mpaka anawasha gari.

Mwenye hali kama hii, au mwenye mtu wa hivyo nyumbani, namba ya msaada wa kamari ni 1800 858 858, masaa yote, bure, hawakuulizi viza. Kiingereza kikikupiga chenga wakati una mawazo, piga kwanza 131 450, omba mkalimani wa Kiswahili, watakuunganisha.

Mwezi huu ni zamu ya shem kupokea mchezo, 4,500. Ameniomba nisimpe mkononi, nizitume moja kwa moja kwa fundi wa bati Mkuranga, nyumba ya mama yake ilikuwa inasubiri paa tangu mwaka juzi. Nimezituma jana, fundi kanitumia picha ya risiti.