Redio mpya ya gari: Citizen inafanya nini kwenye 94.7?

Hatimaye Radio Citizen, 106.7, inashika kwenye gari langu kuanzia mjini Nairobi hadi Kitengela bila kukwaruza. Naandika kabla furaha haijapoa.

Wenye magari ya Japani mnaijua shida ya redio iliyokuja nayo. Betri ikitolewa tu, skrini inakwama kwenye maandishi ya Kijapani ikidai kadi ya SD ambayo pengine ilibaki Yokohama. Sikutaka kulipia kufunguliwa redio inayoishia 90 MHz, nikaingia Kirinyaga Road kutafuta nyingine.

Huko kila skrini inauzwa kwa RAM na wati. Muuzaji ananiambia, "Mkubwa, hii inacheza YouTube hata ukiendesha," nami namwomba anifungulie menyu ya kiwanda nione chipu ya kunasia FM. Nilikuwa nasaka TEF6686 ya NXP, kwa sababu inashika stesheni dhaifu ambazo nyingine zinaziruka. Maneno ya wati hayanibabaishi. TDA7388, chipu ya kukuza sauti ambayo stika huiita 45W mara nne, kwenye karatasi ya mtengenezaji inatoa 26 kwa kila spika, tena sauti ikiwa imeshaanza kupasuka. Nikachukua ya Android ya inchi 7 yenye chipu hizo mbili na bamba zito la kupoza joto mgongoni. Toyota imeacha nafasi ya milimita 200 na redio ina 180, kwa hiyo vipande vya plastiki vya pembeni ni lazima.

Ikafungwa, ikawaka, na vituko vikaanza. Capital kwenye 98.4 hakuna. Ghetto kwenye 89.5, ambayo hata redio ya Kijapani ilikuwa inaishika, imepotea kabisa. Kiss iko 88.3, Classic 93.2, Citizen 94.7. Fundi akasema ni network ya mtaani kwetu. Network gani inayohamisha stesheni badala ya kuzikata?

Toa 94.7 kwenye 106.7 ya Citizen, unabaki na 12. Toa 88.3 kwenye 100.3 ya Kiss, ni 12 tena. Classic vilevile. Hiyo ni kazi ya ekspanda, kile kiboksi wanachowekea redio za Japani ili kuteremsha masafa yetu, na fundi alikuwa amekiacha nyuma ya dashibodi kikiwa bado kina umeme. Capital ilikuwa inateremshwa hadi 86.4, chini ya pale redio mpya inapoanzia. Nikakichomoa, kila stesheni ikarudi kwake.

Zikarudi zikikwaruza, sasa. Hapa ndipo nilipokosa usingizi. Antena ya gari hili imechapwa kwenye kioo cha nyuma na ina kikuza mawimbi chake, ambacho bila volti 12 ni sawa na hakipo. Multimita ilinionyesha volti 12.1 kwenye waya wa kukilisha, lakini taa ya kupimia haikuwaka hata kidogo. Ndiyo maana siiamini multimita peke yake: haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo waya uliooza unaisomea vizuri tu. Taa ya bei ya chai na mandazi inavuta, na inasema ukweli. Waya ulikuwa umeliwa na kutu kwenye kiungo, umesokotwa na kufungwa selotepu, na gundi ya selotepu imeyeyuka kwa jua. Nikaukata, nikaulisha upya kutoka kwenye waya wa buluu wa redio mpya, nikachoma solda na kuvisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Mkwaruzo ukafa papo hapo. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari, askari wa geti akaja kuangalia.

Kilichofuata kwenye mpango kilikuwa kamera ya nyuma. Imebaki kwenye boksi, kwa sababu nimegundua waya wa KEY1 wa redio, ule wa vitufe vya usukani, unaweza kufundishwa vitufe vyovyote hata kama usukani hauna: kila kitufe na rezista yake, kisha waya wa ardhi (hasi). Kupapasa skrini kutafuta sauti ukiwa Thika Road ni balaa. Nimenunua vitufe na rezista Luthuli Avenue. Cha kupandisha sauti (rezista ya 1k, yaani ohm 1,000) na cha kushusha (2.2k) vinafanya kazi. Cha tatu, cha kunyamazisha, nimekiwekea 2.7k na redio inakichanganya na cha kushusha. Jumamosi nakijaribu na 4.7k.