Amechoka Kutupasua

Julai ya 2020 nchi nzima ilikuwa inatusema. "Wajumbe si watu," ndiyo ilikuwa habari ya mjini na kijijini: kwamba mjumbe wa CCM anakunywa soda ya mgombea, anamshika mkono, anamwambia "wewe tu, baba," halafu kwenye karatasi anaandika jina la mwingine. Nilicheka kama wengine, lakini nilikuwa nacheka nikijua kwamba nasemwa mimi. Nilikuwa kiongozi wa UWT, umoja wa wanawake wa chama, kwenye kata yetu, mkoani Tabora, na kwa nafasi hiyo nilipiga kura za maoni za ubunge, zile za kuchuja wagombea ndani ya chama. Nimeshasikia sana upande wa wagombea walioanguka. Wacha nami niseme niliyoyaona nikiwa upande wa benchi.

Mgombea wetu alikuwa daktari. Jina lake haliongezi kitu hapa. Kwetu anaitwa Daktari tu, hata na wazee wanaomzidi umri. Alikuwa hospitali ya misheni, na kwa miaka kumi, tangu 2010, alikuwa pia diwani wetu. Asubuhi wodini, mchana kwenye vikao. Kwenye Baraza la Madiwani alisoma taarifa ya mapato na matumizi kama anavyosoma cheti cha mgonjwa, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na wakuu wa idara walikuwa wanamwogopa. Boma la zahanati ya kijiji chetu lilikuwa limekaa kwenye linta miaka na miaka, popo wamehamia. Ni yeye aliyelisumbulia mpaka likapauliwa.

Si kwamba kila mtu alimpenda. Alisimamia sheria ndogo ya vyoo bila huruma, na kuna kaya zilitoa kuku ili zilipe faini. Wazee wa tumbaku hawakumsahau kwa hilo.

Alipotangaza kwamba anachukua fomu, nilimuuliza kwa nini asirudi udiwani, maana udiwani tungempa usingizini. Alikuwa amekuja dukani kwangu, mimi nauza dawa muhimu pale senta, na alikaa kwenye kreti la soda akanieleza. Zamani, alisema, barabara za vijijini zilikuwa za halmashauri. Mnagombana kwenye Baraza, mnagawana kilichopo, angalau diwani una sauti. Tangu ilipoundwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, barabara zimeondoka mikononi mwa madiwani. "Naandika barua, najibiwa. Barabara iko vilevile. Mbunge ndiye anayekaa pale bajeti inapopitishwa."

Na barabara hiyo naijua. Masika mama mjamzito analetwa kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka mtoni, anavushwa kwa mikono, ng'ambo anatafutiwa pikipiki. Anafika kwa Daktari usiku wa manane, saa nyingine amechelewa.

Fomu zilitolewa tarehe 14 mpaka 17, laki moja kwa fomu ya ubunge. Watu walimiminika. Walimu wastaafu, wafanyabiashara wa Dar es Salaam ambao tulikuwa hatujui kwamba kwao ni kwetu, vijana waliomaliza chuo juzi. Mmoja alipita dukani kwangu akaniita "mama mzazi," nikamuuliza kijiji chake, akaanza kukohoa.

Siku ya mkutano tulijaa ukumbini tangu asubuhi. Kipupwe, vumbi, maofisa wa TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, nje chini ya mwembe wametulia kama hawatuoni. Nilikaa na jirani yangu, naye mjumbe. Huyu jirani lazima nimweleze kidogo. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Daktari alikuwa ameshampima na kumwambia utatolewa, lakini yeye alikuwa anasubiri malipo ya tumbaku, na malipo ya tumbaku wanaolima wanayajua. Tumbo lilikuwa limejaa kiasi kwamba wasiojua walimpongeza.

Wagombea waliingia mmoja mmoja kuomba kura, dakika chache tu kila mtu. "Kidumu Chama Cha Mapinduzi!" "Kidumu!" Wengi walisema yaleyale, maji, umeme, vijana, wanawake. Wengine walitumia muda wote kusalimia.

Daktari hakuwa na mbwembwe. Alitusalimia "Mwangaluka," tukaitika, akaenda moja kwa moja kwenye barabara. Alitaja mto, alitaja vijiji vya ng'ambo. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Ndugu wajumbe, mimi nimechoka kupasua. Mama anafika kwangu damu imekwisha, nashika kisu, lakini kilichomuua ni njia. Njia haitibiwi wodini, inatibiwa Dodoma. Nitumeni Dodoma."

Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Niliona ndiyo hotuba pekee ya siku ile yenye kitu ndani.

Jirani yangu hakupiga makofi. Alinivuta khanga. "Umemsikia? Amechoka kutupasua."

Nikamwambia hakumaanisha hivyo. Akasema, "Amesema mwenyewe. Akienda Dodoma, mimi nitapasuliwa na nani?"

Benchi la mbele mama mwingine akageuka. Akauliza, ni kweli yule daktari msaidizi anahamishwa? Ni kweli, akajibiwa, na mwenzake hajaja. Basi ikaanza minong'ono. Huyu binti yake ana mimba ya kovu, alizaa kwa upasuaji mara ya kwanza. Yule mumewe ana ngiri. Neno lilipita benchi kwa benchi kwa upande wa akina mama, na hakuna aliyemsema Daktari vibaya hata kidogo. Walimsifu. Walikuwa wanamsifu huku wakimnyima.

Nilijaribu kubishana, kwamba mbunge anaweza kuleta madaktari watatu mahali pa mmoja. Jirani akaniangalia kwa huruma. "Mayu," akaniambia, yaani mama kwa kwetu, "wabunge wangapi wameahidi daktari? Huyu tunaye."

Sikuwa na jibu. Naona bado kwamba Daktari alikuwa na haki kuhusu ile njia. Lakini mwanamke mwenye uvimbe wa ukubwa ule hapigii kura bajeti ya mwaka ujao, na wanaotuita si watu hawajawahi kukaa karibu na tumbo lile.

Kura zilihesabiwa palepale mbele yetu. Karatasi inainuliwa, jina linasomwa, alama inawekwa. Kuna wagombea ambao majina yao hayakusomwa kabisa. Kama wewe mwenyewe si mjumbe, hata kura yako huna. Jina la Daktari lilianza vizuri, likapotea, likarudi, likapotea tena. Alishika nafasi ya tatu. Alikuja kutushukuru, akatupa mikono wote, akamfikia jirani yangu akamwambia, "Mayu, usikae na hilo tumbo."

Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 24, tukatangaziwa msiba wa Mzee Mkapa, na habari za kura zikapoa. Lakini hazikufa. Kura za maoni hazikuwa mwisho wa mambo, majina yalikwenda juu, na juu wanaweza kumrudisha yeyote. Sisi wa Tabora hatukuhitaji kuelezwa. Mwaka 2010 pale Nzega aliyeongoza kura za maoni alikuwa Hussein Bashe, na jina lililorudi lilikuwa la aliyeshika nafasi ya tatu, Hamisi Kigwangalla. Naye ni daktari! Vijana wa Daktari waliikumbuka hadithi hiyo usiku na mchana. Wa tatu, daktari, Tabora. Waliona kama imeandikwa.

Jirani yangu aliisikia pia, akakosa raha. Kila siku alikuwa dukani kwangu, hanunui hata panadol, anauliza tu, "Yametoka?" Nikimwambia bado, anakaa kwenye lile kreti, anaguna, anakula michembe yangu, viazi vitamu vilivyokaushwa. Siku moja aliniuliza kama mjumbe anaweza kuandika barua Dodoma kuomba mtu asirudishwe. Nilimwambia sijawahi kuona barua ya namna hiyo.

Tarehe 20 Agosti Halmashauri Kuu ya chama ilimaliza kazi na Humphrey Polepole, katibu mwenezi wa chama, akayasoma majina. Tulisikiliza kwa redio, mlango wa duka umejaa watu. Jimbo letu lilipofikiwa, jina lilikuwa la yule aliyeongoza. Vijana wa Daktari walinyamaza. Jirani yangu akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, akanunua panadol, ya kwanza mwezi mzima, akaondoka.

Alipasuliwa Septemba, AMCOS, chama chetu cha ushirika wa tumbaku, ilipolipa. Nilimpelekea uji wodini nikamkuta Daktari kwenye raundi. Alifunua bandeji, akaangalia nyuzi, akabonyeza pembeni kwa vidole viwili, akaridhika. Halafu, bado ameinama, akauliza, "Mayu, siku ile kura yako ilikwenda wapi?"

"Ningekupa wewe," akajibu bila kupepesa, "leo angenishona nani?"

Muuguzi alishindwa kujizuia. Daktari alicheka, lakini si sana, akafunga bandeji na kuandika kwenye cheti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanigeukia mimi na kikombe changu cha uji. "Na wewe?"

Nikamwambia yangu nilimpa. Hakuamini, na mpaka leo haamini.